Mtoto Ndani ya Simu ya Mama

Mafunzo ya usalama wa watoto katika intaneti huandikwa mara nyingi kana kwamba kila mtoto ana simu yake, ilhali katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mtoto huingia mtandaoni kwa simu ya mzazi, yenye akaunti iliyofunguliwa kwa umri wa mtu mzima. Jambo hilo si dogo. Kikomo cha miaka 13 kinachotumiwa na mitandao mingi ya kijamii, ambacho chimbuko lake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayokataza kukusanya taarifa za watoto wa chini ya umri huo bila ridhaa ya wazazi, hutegemea sana umri aliojaza mtumiaji. Hivyo programu inayoamini kwamba anayetazama ni mama wa miaka 35 humletea mtoto wa miaka 9 video na matangazo ya mama huyo.

Hatari nzito zaidi ni urubuni, yaani hila ya kujenga urafiki na mtoto hatua kwa hatua kwa nia ya kumdhulumu kingono. Huanza kwa sifa na vizawadi, pengine bando tu. Hufuata ombi la kuhamia kwenye mazungumzo ya faragha. Kisha sharti la kutomwambia mtu, halafu picha, ambayo ikishatumwa hugeuka kuwa kitisho. Onyo la kujihadhari na watu wasiojulikana, ambalo ndilo wazazi wengi huishia nalo, halitoshi, kwani utafiti wa Disrupting Harm, uliofanywa na UNICEF, ECPAT na INTERPOL katika nchi kadhaa zikiwemo Kenya na Tanzania, ulionyesha kwamba mara nyingi mtendaji ni mtu ambaye mtoto alikwisha kumfahamu. Dalili ya kufundishwa, basi, ni ile amri ya kuficha, hata ikitoka kwa binamu.

Kitisho hicho cha picha hupata nguvu pale mtoto anapomwogopa mzazi kuliko anavyomwogopa mrubuni, na mzazi anayejibu kwa fimbo na kunyang'anya simu humthibitishia kwamba hofu yake ilikuwa ya haki. Afadhali asikilize kwanza, asifute ujumbe wowote kwa kuwa ndio ushahidi, kisha apige 116, namba ya bure ya huduma kwa watoto nchini Kenya na Tanzania, au aende polisi. Polisi wana sheria ya kutumia: Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ina yake ya mwaka 2018. Ipo pia huduma ya bure ya Take It Down, ya NCMEC, kituo cha Marekani cha kulinda watoto, inayotengeneza alama ya kidijitali ya picha ndani ya simu yenyewe, bila picha kutoka, ili mitandao iliyojiunga nayo iitambue na kuiondoa. Haifiki kwenye mazungumzo yaliyosimbwa, yaani yasiyoweza kusomwa na mtandao wenyewe, na haina la kufanya ikiwa mzazi, kwa hasira, amekwisha kuifuta picha hiyo.