Afisi Ndogo ya Mhandisi na Uzito wa Sahihi Moja

Ukiingia nyumba ya kale ya Lamu au ya Mji wa Kale Mombasa, utaona vyumba ni virefu na vyembamba. Si kwamba wazee walipenda kubanana. Boriti ya mkoko haivuki nafasi kubwa, ikabidi kuta za mawe ya matumbawe zisiachane zaidi ya mita 3 hivi. Mpaka wa fundi ulionekana kwa macho. Leo twajenga kwa zege na nondo, na mpaka umejificha ndani ya hesabu. Mwenye kuifanya hesabu hiyo, na kuiwekea sahihi yake, ni mhandisi wa miundo.

Tumfikirie binti wa mji huu aliyeisomea kazi hiyo, akatumika miaka kadhaa chini ya wakubwa wake, na sasa yuataka kufungua afisi yake mwenyewe. Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 imeweka daraja, na mhitimu aliyetoka chuoni jana hana ruhusa ya kuidhinisha michoro kwa jina lake. Lazima kwanza apande daraja mbele ya Bodi ya Wahandisi ya Kenya, na kampuni nayo isajiliwe na Bodi hiyo, mbali na usajili wa kawaida wa biashara. Akishavuka hapo, vifaa si vingi: chumba kimoja, kompyuta, programu ya hesabu iliyonunuliwa kihalali, kofia ngumu na viatu vya kuingilia penye ujenzi. Anaweza kuanzia nyumbani, watoto wakiwa madrasa.

Kigumu ni miezi ya mwanzo, simu isipolia. Na ikilia, mara nyingi mpigaji ni jamaa.

Ami yuaja baada ya Alasiri, anywa kahawa, amsifu binti, kisha atoa bahasha. Nyumba yake ya chini ataka kuiongeza ghorofa 2 za kupangisha. Michoro ishachorwa na kijana fulani. “Mwanangu, wewe ni kutia muhuri tu.” Mama mtu, aliye upande wa pili wa pazia, atamani binti akubali. Kodi ya chumba imefika, na Ami ndiye aliyemlipia karo.

Hapo ndipo afisi husimama au huanguka. Mita moja ya mchemraba ya zege ina uzito wa karibu tani 2.4. Sakafu yenye unene wa sentimita 15, katika chumba cha mita 4 kwa 4, ni karibu tani 6 kabla hakijaingia kitanda wala kabati. Tangi la lita 10,000 juu ya paa, nasi twayajua maji ya mfereji wetu yanavyokuja kwa zamu, ni tani 10 nyingine. Yote hayo hushuka kwenye nguzo na msingi uliowekwa kwa ajili ya nyumba ya chini.

Na pwani ina adui wake. Fundi akichanganya zege kwa maji ya kisima cha chumvi, au kwa mchanga wa ufuoni, chumvi huifikia nondo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, basi huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Ile michirizi ya rangi ya kahawia chini ya roshani, ambayo wengi wetu huipaka chokaa kila Idi, ndiyo dalili yake. Tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa huko Huruma, Nairobi, liliporomoka usiku wa mvua, likaua watu zaidi ya 40.

Lakini binti asimfukuze Ami. Kati ya ndiyo na la pana jibu la tatu: “Ami, niwie radhi, sitii muhuri kazi nisiyoihesabu. Nipe ruhusa nichimbe pembeni mwa nguzo niuone msingi, nipime nondo, nilichunguze zege. Kisha nitakuandikia nyumba yako yaweza kubeba nini.” Hiyo ni kazi halali, ina ada yake, na mji mzima waihitaji.

Ada yenyewe iandikwe, hata kwa Ami. Aya ndefu kuliko zote katika Qur’ani ni ile ya kuandikiana deni, nasi twaisoma kisha twaona haya kuandikiana na jamaa. Malipo yagawanywe: sehemu kabla ya kuanza, sehemu michoro ikitoka, sehemu kwenye ukaguzi wa ujenzi. Bima ya dhima ya taaluma isiachwe. Mtaji ukipungua, benki za Kiislamu zipo nchini tangu 2008. Bora zaidi, kwa maoni yangu, ni akiba ya matumizi ya nusu mwaka, iliyowekwa kabla ya kuacha mshahara. Mume na wazazi waambiwe mapema kwamba miezi hiyo itakuwa mikavu, ili asiwepo wa kumsukuma akubali bahasha.

Siku ya kuchimba, Ami awepo. Shimo likifika chini ya nguzo, aonyeshwe upana wa msingi wake kwa futi kamba, na kando yake michoro ya zile ghorofa 2.