Kabla hujanunua ampilifaya ya HackRF yako

Tuseme una HackRF One mezani. Inarusha kuanzia 1 MHz hadi 6 GHz, ila nguvu yake ni kidogo: chini ya 2150 MHz unapata takribani 5 hadi 15 dBm, na ukivuka 4 GHz inashuka hata chini ya 0 dBm. Kwa lugha ya kawaida, 0 dBm ni miliwati 1, 10 dBm ni miliwati 10, na 30 dBm ni wati 1. Kwa hiyo siku yako nzuri kabisa una kama miliwati 30. Ndiyo maana watu hukimbilia ampilifaya ya masafa mapana: kifaa kimoja, bendi zote.

Hata mimi nilikimbilia. Nilinunua ya bei poa, imeandikwa 1 hadi 1000 MHz, wati 3, inaongeza desibeli 35. Nikaipa 15 dBm zote. Hebu jumlisha: 15 na 35 ni 50 dBm, yaani wati 100! Kifaa cha wati 3 kitazitoa wapi? Hakizitoi. Kinagonga dari, vilele vya wimbi vinakatwa, na wimbi lililokatwa huzaa harmoniki. Nilirusha 145 MHz; kwenye kichanganuzi cha maabara nikaona na 290, na 435. Bahati nzuri nilikuwa nimefunga mzigo bandia wa omu 50 badala ya antena, la sivyo ningewasumbua watu wa bendi nyingine kabisa bila kujua.

Kwa hiyo usianze na wati za kwenye tangazo. Tafuta namba inayoitwa P1dB, pale ambapo ampilifaya inaanza kubaki nyuma kwa desibeli 1. Kisha rudi kinyumenyume: ukitaka 30 dBm na kifaa kinaongeza 35, mlangoni ingiza -5 dBm tu. Punguza kwenye programu, au weka kipunguza mawimbi katikati.

Aina ya mawimbi nayo ina neno lake. FM haibadiliki urefu, kwa hiyo inavumilia ampilifaya iliyobanwa. OFDM ina vilele vinavyoweza kupita wastani kwa desibeli 10 hivi. Maana yake ampilifaya ya wati 1 utaitumia kwa wastani wa miliwati 100. Inauma, najua.

Halafu filta. Ampilifaya ya 1 hadi 1000 MHz haiwezi kuzuia 290, kwa sababu 290 imo ndani ya eneo lake la kazi. Kila bendi inahitaji filta yake baada ya ampilifaya, na ile ndoto ya kifaa kimoja inaishia kwenye mfuko wa filta. Kama unatumia bendi moja tu, kwa maoni yangu nunua ampilifaya ya bendi hiyo, uachane na masafa mapana.

Joto usilidharau: ampilifaya ya daraja A inayokula 12 V na 0.5 A inatumia wati 6. Ukitoa wati 1, tano zilizobaki ni moto. Na hata ukinyamaza inaendelea kula.

La mwisho, HackRF hupokea na kurusha kwa tundu lilelile, na mlango wake hauvumilii zaidi ya -5 dBm. Ampilifaya hupitisha upande mmoja tu, kwa hiyo ukitaka kupokea kwa antena hiyohiyo utahitaji swichi ya kubadilisha njia. Leseni ya kurusha utaiombea TCRA kwa Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Mpaka uipate, mzigo bandia wa omu 50 unatosha kwa majaribio yote haya.