Sema Asante kwa Aliyekuchotea Maji

Ndugu msomaji, leo tuzungumze juu ya neno dogo: asante. Kwa Kihaya tunasema "wakola". Neno hili linatokana na kukola, yaani kufanya. Ni kama kumwambia mtu: umefanya, nami nimeona.

Tazama kazi za nyumbani hapa Hamugembe. Nani amechota maji? Nani amemenya ndizi? Mara nyingi ni mama au mtoto wa kike. Sisi tunanawa, tunakula, tunaondoka. Mama mmoja alikuja zahanati. Kichwa kilimuuma na usingizi hauji. Tulimpima, tukampa dawa. Tulipoendelea kuzungumza akasema, "Mganga, tangu niolewe sijaambiwa asante hata kwa ndoo moja."

Basi anza leo. Itaje kazi yenyewe: "Mke wangu, ndizi za leo zimeiva vizuri, wakola." Sema hapo hapo, usingoje sikukuu. Mtoto naye mshukuru. Jirani akikuletea senene, usirudishe kikapu kitupu. Weka hata parachichi mbili.

Kisha ongeza tendo. Kama mkeo ni mjamzito, beba ndoo wewe. Asante ya mdomo haimpunguzii mzigo. Najua wanaume wengine watanicheka hapa. Wacheke, lakini ndoo wabebe.

Usiku, kabla ya kulala, kumbuka jambo moja jema la siku hiyo. Labda mvua imenyesha, au homa ya mtoto imepungua. Moja linatosha. Ukilikosa, lala tu.

Lakini tusitumie shukrani kumfunga mtu mdomo. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliutikisa mkoa wa Kagera. Watu walikufa. Nyumba nyingi zilianguka au kupasuka kuta, hata hapa Hamugembe. Waliopona waliambiwa, "Shukuru Mungu, u mzima." Ni kweli. Lakini mtu aliyelala nje, ambaye moyo unashtuka kila gari kubwa linapopita, kwanza anataka kusikilizwa. Mwache aseme. Mwache alie. Shukrani atatoa mwenyewe, kwa wakati wake.

Tena asante haiponyi malaria, wala haiponyi ugonjwa wa huzuni. Ukimwona ndugu yako ana huzuni wiki mbili mfululizo, hali vizuri, halali, au anasema afadhali afe, usimwambie ashukuru. Mlete zahanati siku hiyo hiyo, nawe umsindikize.