Kwa nini nyuso zilitoka giza? Kamera tatu za mkanda

Mjomba wangu alikuwa mpiga picha Chiwata, wilayani Masasi. Msimu wa korosho, hela zikiwepo, ndipo alipopata kazi. Mwaka mmoja alipiga harusi: bwana harusi na wapambe wake wote kanzu nyeupe pee, jua kali. Mkanda wa picha 36 ukapelekwa kusafishwa, na siku picha ziliporudi kanzu zilikuwa za kijivu na nyuso hazitambuliki. Hela alirudisha. Harusi je, utairudisha?

Watu walisema kamera mbovu. Haikuwa mbovu.

Ilikuwa Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997. Kama SLR zote, ina kioo nyuma ya lenzi kinachopeleka mwanga juu kwenye jicho lako. Ukibonyeza, kioo kinanyanyuka, pazia linafunguka, mkanda unapata mwanga. Ndani kuna kipima mwanga chenye sindano. Sasa, sindano hiyo haijui kanzu wala uso. Inachukua wastani wa mwanga na kudhani kila kitu mbele yake ni cha kijivu, kinachoakisi takribani asilimia 18. Ikiona weupe mwingi inasema “mwanga umezidi, punguza”. Mjomba akatii. Ngozi yetu, ambayo yenyewe inaakisi kidogo, ikazama gizani.

Je, Zenit-E ya Urusi ingemwokoa? Wala. Kipimo chake kiko nje, juu ya lenzi, kwa hiyo kinaona hata mbingu ambayo haimo kwenye picha. Lakini kina uzuri wake: kinatumia seleniamu, inayozalisha umeme wenyewe ikipigwa na mwanga. Betri hakuna kabisa! Kasi za pazia ni chache, 1/30 hadi 1/500, ila kwa jua la kusini zinatosha.

Canon AE-1, nayo ya 1976, ndiyo msomi wao: unachagua kasi, yenyewe inachagua tundu la lenzi. Ila pazia lake linaendeshwa na umeme. Betri ikifa, hupigi hata picha moja. Kwa kijiji ambako duka lina betri za tochi tu, mimi nisingeichukua. K1000 betri ikiisha unapoteza sindano tu, pazia linaendelea kama kawaida. (Halafu haina swichi ya kuzima kipimo. Usipofunika lenzi, betri inaisha kabatini.)

Baada ya ile harusi mjomba aliacha kupima kanzu. Alisimama kwenye jua lilelile la wateja, akapima kiganja chake mwenyewe, kisha akafungua tundu hatua moja, maana kiganja kinaakisi karibu mara mbili ya kile kijivu. Siku betri ilipoisha alitumia kanuni ya jua kali: mkanda wa 100, tundu f/16, kasi 1/125. Albamu zake za miaka iliyofuata tunazo nyumbani, na kila mtu anajulikana ni nani.