Deni la Nyumba Lihesabiwe Kabla ya Mtoto Kuzaliwa

Katika Kata ya Kalemela, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Wilaya ya Busega, fedha huingia nyumbani kwa msimu. Pamba hupandwa mvua za Novemba na Desemba zinapoanza, na huuzwa kuanzia Mei hadi karibu Agosti. Mpunga una miezi yake. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapotawala nyavu hukaa pwani. Mimba haifuati kalenda hiyo. Inayotungwa mwezi Julai, fedha za pamba zikiwa mkononi, huleta mtoto mwezi Aprili, wakati ghala limepungua na pamba mpya ingali shambani. Ikiwa nyumba hiyo ina madeni, mwezi huo ndio mkopeshaji hubisha hodi, na ndio mama huwa hana nguvu ya kwenda kutafuta.

Kwa sababu hiyo wanandoa wanaotarajia mtoto, au wanaopanga kumpata, wanashauriwa kukaa pamoja na kuhesabu wanachodaiwa mapema, kabla mimba haijatungwa au katika miezi yake ya kwanza. Kazi yenyewe inahitaji daftari la shule, kalamu na jioni moja isiyo na wageni. Kila deni liandikwe mstari wake: anayedai, kiasi kilichokopwa, kiasi kilichobaki, riba, na tarehe ya kulipa. Ugumu hauko kwenye hesabu, uko kwenye kusema. Mara nyingi mume anajua deni la pembejeo lililoko AMCOS, yaani mbegu na viuatilifu ambavyo thamani yake itakatwa siku ya kupima pamba. Mke anajua mkopo wa kikundi cha kuweka na kukopa. Mikopo ya simu huwa haijulikani na yeyote isipokuwa mwenye simu. Daftari la dukani lina sukari na sabuni za miezi miwili. Lipo pia deni ambalo wengi hawaliiti deni: ng'ombe wa mahari waliobaki. Wakwe wanaweza kuwa wavumilivu, lakini ng'ombe mmoja akidaiwa ghafla huvuruga mpango wote, hivyo naye aandikwe.

Daftari likishajaa, deni la kushughulikiwa kwanza huenda lisiwe lile kubwa kuliko yote. Huwa ni lile linalokua haraka. Tuseme nyumba moja imekopa shilingi 200,000 kwa mkopeshaji wa mtaani anayetoza asilimia 20 kwa mwezi, mkopo wa aina ambayo wananchi wameipa jina la kausha damu. Riba peke yake ni shilingi 40,000 kila mwezi. Katika miezi sita nyumba hiyo itakuwa imelipa shilingi 240,000, zaidi ya kile ilichokopa, na zile 200,000 za mwanzo bado zinadaiwa zote. Kwa mkopeshaji mwenye leseni wa daraja la pili, ambaye Benki Kuu ya Tanzania imemwekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, riba ya mkopo huohuo ni shilingi 7,000 kwa mwezi, au 42,000 kwa miezi sita. Kwa mahesabu hayo, kuuza mbuzi wawili au hata ndama ili kumaliza deni la kausha damu si hasara, ingawa mfugaji wa Kisukuma hatauza bila kusononeka. Ng'ombe mwenye maziwa ni habari nyingine. Huyo ni chakula cha mama anayenyonyesha na asiguswe mpaka njia nyingine zote zimeshindikana.

Mikopo ya namna hii inasimamiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Sheria hiyo imewagawa watoa huduma katika madaraja manne: benki na taasisi zinazopokea amana, wakopeshaji wasiopokea amana, SACCOS, na vikundi vya kijamii vya fedha kama VICOBA, ambavyo husajiliwa kupitia halmashauri. Mwananchi anayo haki ya kuomba kuonyeshwa leseni kabla ya kuweka sahihi. Kwa upande wa simu, Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikiendeshwa bila leseni. Baadhi ya wakopeshaji wa mtandaoni wamejulikana kwa kutuma ujumbe wa kumwaibisha mdaiwa kwa watu walio katika orodha ya simu yake. Fedheha ya namna hiyo ikimfikia mjamzito kupitia kwa mama mkwe, madhara yake hayapimwi kwa shilingi.

Jambo jingine la kisheria linahusu nyumba yenyewe. Chini ya kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mwanandoa mmoja haruhusiwi kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, ndoa ikiwa ingali hai. Mke anayeletewa karatasi ya kuweka sahihi asomewe kwanza, na asilazimishwe kwa kuwa mgeni amekwisha kufika na muda ni mfupi.

Baada ya kuamua deni la kuanza nalo, wanandoa wapange tarehe. Hapa ndipo nyumba nyingi huteleza, kwa kuwa marejesho hupangwa kana kwamba mama ataendelea kufanya kazi kama kawaida. Anayeanika dagaa, anayepandikiza mpunga au anayeuza mama lishe hupunguza kazi katika miezi ya mwisho ya mimba na huacha kabisa kwa wiki kadhaa baada ya kujifungua. Kipato chake hukatika huku hisa na rejesho la kikundi vikiendelea kudaiwa kila wiki. Dawa ya hilo ni kwenda kwa uongozi wa kikundi mapema na kuomba marejesho makubwa yatangulie, au yasogezwe hadi baada ya mauzo ya pamba. Kikundi hupokea ombi la mwanachama aliyetangulia kueleza kwa urahisi zaidi kuliko udhuru wa aliyekwisha kukosa vikao vitatu, na wadhamini wake nao huwa hawajakasirika. Vikundi vingi vina mfuko wa jamii kwa ajili ya dharura za wanachama. Inafaa kuuliza katiba inasema nini kuhusu uzazi.

Kuuza mpunga au pamba ingali shambani ili kupata fedha za haraka ni mkopo pia, hata kama hautajwi riba. Tofauti ya bei kati ya siku ya kupokea fedha na siku ya mavuno ndiyo riba, na mara nyingi huzidi ya kausha damu.

Kukopa kwa ajili ya kujifungua kwenyewe kunaweza kuepukwa. Kwa mujibu wa Sera ya Afya ya mwaka 2007, huduma kwa wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya umma hutolewa bila malipo. Kinachobaki juu ya familia ni nauli, chakula, khanga na nguo za mtoto, pamoja na vifaa ambavyo muuguzi anaweza kuelekeza viandaliwe. Vitu hivyo hununuliwa kidogo kidogo kuanzia hudhurio la kwanza la kliniki, ambalo linatakiwa kufanyika kabla ya wiki ya 12. Ikitokea dharura ya uzazi usiku, namba 115 ya mfumo wa m-mama hupigwa bila malipo ili kupata usafiri wa kufika hospitali. Familia inayoijua namba hiyo haitamkopa mwenye gari saa nane za usiku kwa bei anayoitaka yeye.

Watumishi walioajiriwa, wakiwemo walimu, wana hesabu yao. Mwajiriwa ana likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, lakini makato ya mikopo huendelea katika siku hizo zote. Utaratibu wa serikali unataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara. Anayemwachia mkopeshaji kadi ya benki na namba ya siri amejivua kinga hiyo kwa mikono yake.

Ipo mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Hutolewa kwa vikundi kwa ajili ya mradi, hivyo haifai kulipia deni la zamani wala mahitaji ya mtoto. Mwenye kikundi na mradi unaoingiza kipato aanze kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata.

Wanandoa watakaoona kwamba madeni hayawezi kwisha kabla ya msimu ujao wanaweza kuamua kusubiri. Huduma za uzazi wa mpango hutolewa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya serikali, na mume anakaribishwa kuingia chumba cha ushauri pamoja na mkewe.