Sura ya Nne: Mpokeaji Haonekani

Juu ya mapaa ya Acocks Green, kusini-mashariki mwa Birmingham, zimesimama antena za televisheni. Mnara wa Sutton Coldfield, uliowashwa na BBC Desemba 1949, uko kilomita 17 hivi kaskazini. Kanuni za Uingereza za mwaka 2015, kuhusu matumizi ya chaneli zilizo wazi, zilihusu masafa ya megahezi 470 hadi 790, yaani chaneli 40 zenye upana wa megahezi 8 kila moja. Mnara mmoja hutumia chaneli chache tu. Nyingine, kwa mahali hapo, huwa tupu.

Nani atumie utupu huo bila kumdhuru mwenye haki? Mwaka 1999 Joseph Mitola na Gerald Maguire walieleza wazo la redio tambuzi: redio inayoyaelewa mazingira yake na kubadili mwenendo kufuatana nayo. Baadaye wazo hilo likaingia katika ugawaji wa masafa: mwenye leseni hutangulia, mgeni hutumia kinachobaki, na mwenyewe akirudi mgeni huhama.

Njia inayovutia haraka ni kusikiliza: chaneli ikiwa kimya, rusha. Sasa chukua kifaa kilichowekwa sebuleni, katikati ya kuta za matofali. Mawimbi ya Sutton Coldfield yanaweza kukifikia yakiwa dhaifu kiasi cha kutotambulika, ilhali antena ya jirani, juu ya paa, inayanasa vizuri. Kifaa kikirusha, picha ya jirani inakatika. Televisheni hupokea tu, haijitangazi. Kusikiliza humfichua anayerusha. Anayepokea hubaki amejificha.

Ndiyo sababu Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza, iliamua kutumia hifadhidata, kwa kanuni hizo, zilizoanza kazi tarehe 31 Desemba 2015. Kifaa kiliieleza hifadhidata kilipo, kisha kilijibiwa: tumia chaneli hizi, kwa nguvu hii, kwa muda huu. Kikomo cha juu kilikuwa wati 4, lakini penye hatari ya kumsumbua mpokeaji nguvu ilishushwa au chaneli ilinyimwa. Maikrofoni zisizo na waya za kumbi za maonyesho, zilizotumia masafa hayohayo, nazo zililindwa.

Kusikiliza kuna mahali pake. Rada ya hali ya hewa, kama ile ya Clee Hill magharibi mwa Birmingham, hurusha na kupokea mahali pamoja. Ukimsikia mrushaji, umempata mpokeaji. Kwa hiyo ruta za Wi-Fi, katika sehemu kubwa ya masafa ya gigahezi 5, hutakiwa kusikiliza kwanza na kuihama chaneli yenye rada.

Turudi kwenye chaneli tupu za televisheni. Mwaka 2013 mradi wa Mawingu, karibu na Nanyuki nchini Kenya, ulipeleka intaneti kwa masafa matupu ya televisheni na umeme wa jua. Minara ya matangazo inapokuwa michache, chaneli tupu huwa nyingi, na mara nyingi huko ndiko intaneti inakohitajika zaidi.

Mgawo wa haki, basi, haumalizwi kwa kujua nani anarusha. Sharti ujue nani anapokea, yuko wapi, na anastahimili usumbufu kiasi gani. Hesabu ya chaneli na wati hufuata baada ya hapo.