Gia za Mkono au za Kujibadili?

Askari wapendao magari ya mwendo wa kasi hubishana mara nyingi: lipi bora, lenye gia za mkono au lenye gia zijibadilizo zenyewe? Tuupime ubishi huo kwa mfano mmoja.

Mwaka 2013 kampuni ya Porsche ya Ujerumani ilitoa gari lake jipya la 911 GT3 bila ya gia za mkono. Wapenzi wake wakanung'unika, na mwaka 2017 gia hizo zikarudishwa. Lenye gia za kujibadili lilifikia kilomita 100 kwa saa katika sekunde 3.4, lenye gia za mkono, sekunde 3.9. Sababu ni klachi mbili: moja ikiachia, nyingine imekwisha kushika gia ifuatayo. Hakuna mkono uwezao kushindana nazo.

Basi atafutaye ushindi wa saa na achukue hizo. Lakini askari, ambaye kesho aweza kukabidhiwa lori lenye klachi na wenzake wamepanda nyuma, twamshauri ajifunze kwanza gia za mkono. Azijuaye huendesha hizo nyingine bila taabu. Asiyezijua hukwama mlimani, na roho za wenzake zimo mikononi mwake.